Kasi ya Intaneti na Uchaguzi wa Simu Janja ya Bei Nafuu

Maelezo ya Afisa TEHAMA wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Swali nililoletewa na ofisi ya kata ni hili. Mtu mwenye fedha ya kudunduliza anataka kununua simu janja. Muuzaji anamwonyesha mbili: moja ya kawaida, na nyingine yenye bei ya juu zaidi kwa sababu, anaambiwa, intaneti yake ina kasi kubwa. Je, aongeze fedha?

Swali hili si dogo. Kwa familia nyingi za hapa, simu janja ni mbuzi aliyetolewa zizini, au ni sehemu ya vitunguu vya Mang'ola ambayo ingelipa ada ya shule. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye simu mambo ni kinyume: asiyechagua ndiye atakayeumia, kwa kuwa simu mbaya hairudishwi dukani baada ya mvua mbili.

Nitatoa jibu langu mapema, kisha nilieleze. Kasi ina maana mpaka kiwango fulani, na kiwango hicho kwa sasa ni 4G. Simu janja isiyo na 4G msiinunue tena. Lakini fedha ya kuvuka hapo, kwa wengi wetu, itanunua kitu ambacho hakitafika nyumbani. Kasi haitoki ndani ya simu. Hutoka mnarani, na simu huipokea tu.

KASI HUTOKA WAPI

Unapofungua picha kwenye simu, picha hiyo imesafiri safari ndefu. Imetoka kwenye kompyuta iliyo nje ya nchi, ikapita kwenye mkongo uliolazwa chini ya bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda bara kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ikafika kwenye mnara wa jirani yako, na mwisho ikaruka hewani hadi mkononi mwako. Mahali popenye pembamba katika njia hiyo ndipo panapoamua kasi utakayoipata. Ni kama mfereji wa shamba: ukipanua mlango wa shamba lako wakati banio la juu limefungwa nusu, maji hayataongezeka.

Mfano mzuri ni wa tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikalegea Tanzania na katika nchi nyingine za ukanda huu. Aliyekuwa na simu ya bei kubwa na aliyekuwa na simu ya bei ndogo walingoja pamoja.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine zilizo karibu zaidi. Mnara unaohudumia watu wachache asubuhi huhudumia mamia usiku, baada ya watu kurudi kutoka shambani na malishoni, na kasi ile ile hugawanywa kwa wote. Mnara wa mbali huenda unaunganishwa na minara mingine kwa mawimbi ya redio, wala si kwa mkongo, na njia hiyo ni nyembamba. Mnara unaotegemea umeme wa jua huweza kuchoka katika siku za ukungu mfululizo, na wakazi wa nyanda za juu za Ngorongoro hawahitaji kuelezwa ukungu ni nini.

KUTOKA 2G HADI 5G: FAIDA INAYOONEKANA NA ISIYOONEKANA

Herufi G ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kizazi. 2G ni kizazi cha pili cha mitandao ya simu, kilicholeta ujumbe mfupi. 3G ilileta intaneti inayotumika. 4G iliileta kwa wepesi. 5G ilianza kuwashwa nchini mwaka 2022, ikianzia mijini.

Tupige hesabu. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp huweza kuwa na ukubwa wa kilobaiti 200. Kwa 2G inayotembea kwa kilobiti 100 kwa sekunde, picha hiyo itachukua sekunde 16. Kwa mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, itachukua chini ya sekunde 2. Kwa mtandao wa megabiti 20, itafunguka kabla hujainua kidole. Sasa tuchukue fomu ya kurasa nyingi yenye megabaiti 2: kwa mtandao wa kwanza ni dakika 2 na sekunde 40, kwa wa pili ni sekunde 16, kwa wa tatu haifiki sekunde moja.

Angalieni vizuri hatua hizo. Kutoka ule wa kwanza hadi wa pili, maisha yamebadilika: jambo lililokuwa halifanyiki sasa linafanyika. Kutoka wa pili hadi wa tatu umeokoa sekunde 15. Na kutoka wa tatu hadi 5G, kwa picha na fomu, hutaona kitu. Mtandao wa 4G, hata ule dhaifu, mara nyingi hutosha kufika hatua ya pili na kuipita. Hapo ndipo fedha ya mwananchi inapofanya kazi kubwa kuliko popote.

Kuna sababu nyingine ya kuikataa simu inayoishia 3G, hata ukiikuta kwa bei ya kutupa. Mitandao ya zamani huzimwa ili masafa yake yatumiwe na mipya. Nchini Marekani kampuni kubwa zilimaliza kuzima 3G mwaka 2022, na simu ambazo hazikuwa na 4G zikabaki bila kazi. Hapa kwetu 3G ingali inatumika, lakini simu unayonunua leo unataka ikufae miaka minne au mitano ijayo. Usiingie kwenye basi linalokaribia kituo chake cha mwisho.

HUDUMA ZIPI ZINAHITAJI KASI?

Kabla ya kutoa fedha, kila mmoja ajiulize simu hiyo ataifanyia nini. Nitazipanga huduma katika makundi matatu.

Kundi la kwanza halihitaji intaneti kabisa. Kutuma na kupokea fedha, kununua umeme wa LUKU, na kulipa tozo na ushuru wa Halmashauri kwa kumbukumbu namba ya malipo, yote hufanyika kwa kupiga menyu ya nyota na reli. Mbolea ya ruzuku, iliyozinduliwa Agosti 2022, nayo haikumtaka mkulima awe na simu janja. Kilichohitajika ni kujiandikisha na kuwa na namba ya simu. Kwa haya, kitochi kinatosha, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Mzee anayetaka kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Arusha asishawishiwe kununua asichokihitaji.

Kundi la pili linahitaji intaneti ya wastani. Humo mna ujumbe na picha za WhatsApp, kuulizia bei ya vitunguu kabla lori halijapakia, kutazama matokeo ya mitihani ya Baraza la Mitihani, kuomba mkopo wa elimu ya juu, kuomba leseni ya biashara, na kujaza maombi ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mfugaji anaweza kumtumia daktari wa mifugo picha ya ndama mgonjwa, akajibiwa kabla ya kufunga safari. Hata kuongea kwa sauti kupitia WhatsApp hula chini ya megabaiti moja kwa dakika. Haya yote 4G ya kawaida inayamudu, na 3G nzuri pia huyamudu. Niwaambie wanavikundi: kikundi cha watu kumi hakihitaji simu janja kumi ili kiombe mkopo. Simu moja nzuri na mtu mmoja anayeijua vyema vinatosha kuanzia.

Kundi la tatu ndilo linalohitaji kasi hasa. Ni waongoza watalii wanaotuma video kwa wageni wao, wenye nyumba za wageni wanaogawia wateja intaneti kutoka kwenye simu, na vijana wanaofanya kazi kwa mikutano ya video. Ukiwa katika kundi hili, unaishi mjini Karatu au kando ya barabara ya lami, na umehakikisha kwamba mtandao wa kasi upo unapofanyia kazi, kuongeza fedha kunaweza kurudi kama faida. Huo ni mtaji. Lakini jihesabu kwa kipato chako, usijihesabu kwa tamaa.

KASI NA BANDO

Wengi hudhani kwamba intaneti ya kasi ni intaneti nyingi. Bando la gigabaiti 1 ni gigabaiti 1 kwenye simu yoyote. Tofauti ni muda wa kulimaliza. Kwa mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, ukipakua mfululizo, utalimaliza kwa saa 2 na dakika 13 hivi. Kwa mtandao wa megabiti 20, litakwisha kwa dakika 6 na sekunde 40. Zaidi ya hayo, programu za video zikiona mtandao una kasi, hupandisha zenyewe ubora wa picha na kula zaidi. Ndiyo maana mtu aliyehamia simu mpya hulalamika kwamba bando linaibwa. Mara nyingi haliibwi, linakimbia.

Dawa ni rahisi. Ingieni kwenye mipangilio ya simu, washeni kipengele cha kuokoa data, zimeni video zinazojiendesha zenyewe, na zuieni WhatsApp isipakue kila picha na video ya kila kundi. Ndugu zetu wa Loliondo na Ololosokwan, walio karibu na mpaka wa Kenya, wazime pia rominga ya data, kwa kuwa simu inaweza kunasa mtandao wa nchi jirani na kukata gharama ambazo hamkuzitarajia.

MILIMA YETU NA MASAFA YA SIMU

Mawimbi ya simu hayapendi milima. Sisi tunaishi kati ya ukuta wa Bonde la Ufa na nyanda za juu za Ngorongoro. Mlima Oldeani una zaidi ya mita 3,000. Sakafu ya kreta iko takriban mita 600 chini ya ukingo wake. Mang'ola iko bondeni, upande wa Ziwa Eyasi, chini kabisa ya mji wa Karatu. Kwa hiyo nyumba mbili zilizo umbali mmoja kutoka mnarani zinaweza kuwa na hali mbili tofauti: moja inauona mnara, nyingine iko kwenye kivuli cha mlima.

Hapa lipo jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. 4G husafiri kwa masafa mbalimbali. Masafa ya chini, kama ya megahezi 700 na 800, hufika mbali na hupenya vizuri zaidi. Masafa ya juu, kama 1800 na 2600, hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. TCRA ilinadi masafa ya 700 mwaka 2018. Simu inaweza kuandikwa 4G na bado isiwe na masafa ya chini, na huko kijijini ikawa kama haina 4G. Kwenye karatasi ya maelezo ya simu tafuteni neno bendi: bendi ya 28 ni ya megahezi 700, bendi ya 20 ni ya 800, na bendi ya 3 ni ya 1800. Simu yenye zote tatu ina nafasi nzuri zaidi ya kunasa mtandao kijijini.

Jambo hili linawahusu hasa vijana wanaopewa au kuuziwa simu na wageni. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huweza kukosa baadhi ya bendi hizo, au kuwa imefungwa kwenye kampuni moja ya huko. Simu za iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia toleo la 14, la mwaka 2022, hazina hata tundu la kuwekea laini. Ni simu nzuri sana, lakini uzuri wake unaweza kuishia kwenye geti la Lodoare.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Nawaomba msianze dukani, anzeni nyumbani. Azimeni simu ya 4G kwa ndugu au jirani, kwa nusu siku tu. Wekeni humo laini za kampuni tofauti, moja baada ya nyingine. Simameni mahali mnapolala, mahali mnapofanyia kazi, na mahali mnapouzia. Pimeni asubuhi, kisha pimeni tena kati ya saa mbili na saa nne usiku. Angalieni alama inayotokea juu ya kioo: ni E, 3G au 4G? Fungueni ukurasa mmoja, tumeni picha moja, hesabuni sekunde.

Baada ya hapo mtajua mambo mawili. La kwanza ni kampuni inayowafikia, na hiyo ndiyo laini ya kutumia, hata kama kampuni nyingine inajitangaza zaidi mjini. La pili ni kama kuna kasi yoyote ya kuifuata. Ikiwa 4G haijafika kijijini kwenu, bado nunueni simu yenye 4G, kwa kuwa mnara unaweza kuboreshwa kesho, lakini msilipe nyongeza hata moja kwa ajili ya kasi.

Mkiwa dukani, pigeni *#06# kabla ya kulipa. Itatokea namba tambulishi ya simu yenye tarakimu 15. Itumeni kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, mtajibiwa kama simu hiyo ni halali. Tangu Juni 2016, TCRA huzifungia simu bandia zisitumike nchini. Dai risiti na hati ya dhamana. Muuzaji anayekataa simu isipimwe amekwisha kukujibu.

FEDHA ILIYOBAKI IENDE WAPI?

Mtu akiniuliza aweke wapi fedha ambayo angeilipia 5G, nitamtajia vitu vitatu.

Cha kwanza ni betri. Simu iliyo mbali na mnara hutumia nguvu nyingi kuutafuta, na chaji huisha mapema kuliko mjini. Anayechajisha kwa sola, au kwa kulipia kibandani, anaijua thamani ya siku moja ya ziada.

Cha pili ni nafasi ya kumbukumbu. Simu nyingi za bei ya chini hazishindwi kwa sababu ya mtandao. Hushindwa kwa sababu zimejaa. Zikijaa, zinakwama, na mwenyewe hulalamikia intaneti.

Cha tatu ni toleo la programu endeshi. Simu yenye Android ya zamani itafika siku ambayo WhatsApp na programu za fedha zitakataa kufanya kazi, hata kama mtandao una kasi ya umeme. Uliza ni toleo namba ngapi, na kama simu bado inapokea masasisho.

TAHADHARI KUHUSU SIMU ZA MKOPO

Siku hizi kuna simu zinazotolewa kwa kianzio kidogo na malipo ya kila siku, na ukichelewa kulipa simu hujifunga. Si vibaya zenyewe, ila zipigiwe hesabu. Tuchukue mfano: kianzio shilingi 50,000, kisha shilingi 1,500 kila siku kwa siku 365. Malipo ya kila siku peke yake ni shilingi 547,500. Ukijumlisha kianzio unafika 597,500. Kama simu hiyo hiyo dukani ni shilingi 300,000, umelipa karibu mara mbili. Kwa mkulima ambaye fedha humjia mara mbili kwa mwaka, malipo ya kila siku ni mzigo wa aina yake: simu hujifunga mwezi wa palizi, wakati hana kitu, na ndipo anapoihitaji. Afadhali simu ndogo iliyo yako kuliko kubwa inayokufungia mlango.

MNARA NI WA KIJIJI

Ndugu wananchi, nimalizie kwa jambo ambalo naliona ni zito kuliko yote niliyoyasema. Mtu mmoja mmoja anaweza kununua simu bora kuliko zote za duka, na kijiji kikabaki gizani. Penye mtandao hafifu, tiba haipo kaunta ya muuzaji simu.

Serikali ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao hutoa ruzuku kwa kampuni ili zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingezileta. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Maeneo hayo hupangwa kwa kufuata taarifa, na taarifa huanzia vijijini.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa vitongoji: andikeni mahali ambapo simu haishiki, mahali ambapo inashika E peke yake, na idadi ya kaya, shule na zahanati zilizopo hapo. Ajenda hiyo iingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iandikwe kwenye muhtasari, ipite kwa Mtendaji wa Kata, ifike Halmashauri. Pale ambapo mnara upo lakini huduma ni mbovu, mlalamikieni kwanza mtoa huduma na mtunze namba ya lalamiko. Msipotatuliwa, TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini mjini Arusha, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Lalamiko la mtu mmoja huweza kuchelewa. Muhtasari wa kijiji wenye majina na sahihi una uzito wake.

Kwa kifupi, basi: nunueni simu yenye 4G na masafa ya chini, ifuateni kampuni inayofika nyumbani kwenu, na fedha ya kasi isiyowafikia iwekeni kwenye betri na kumbukumbu. Kisha, kwa pamoja, tuudai mnara.

Mwenye swali asisite kufika ofisi ya kata au Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri, na akiwa na simu anayotaka kuinunua, aje na maelezo yake tuyasome pamoja kabla hajalipa.